Wazee Wanaojidunga Ujana

Mazungumzo ya mabarazani baada ya sala ya alasiri yana desturi yake. Huanza kwa siasa, yakapita kwenye bei ya samaki, kisha kahawa ikishazunguka mara mbili huteremka kwenye miili yetu wenyewe: magoti, usingizi, presha na sukari. Mambo hayo mtu huyasema mbele ya wenzake bila haya. Lakini miaka hii ya karibuni pameingia habari moja ambayo haisemwi kwa sauti, hunong'onwa. Nayo ni habari ya sindano za kuongeza nguvu, zile ambazo zamani tukizisikia zikitajwa kwa wanariadha na wanyanyua vyuma wa nchi za mbali, na ambazo leo zinatumiwa na watu wenye wajukuu.

Nimeulizwa mara kadhaa na wasomaji wa makamo yangu kama sindano hizo ni halali kwa mwili, na kama kweli zinamrudisha mtu nyuma miaka 20. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kalamu, na elimu yangu ya kwanza ni ya chuoni. Lakini jambo hili lina historia ndefu na iliyoandikwa vizuri, na waganga wa siku hizi wamelichunguza sana. Nimeona niyakusanye niliyoyasoma na niliyoyashuhudia, niyaweke hapa, kisha kila mtu ajipimie.

NI DAWA GANI HIZI?

Kwanza tutenganishe majina, maana jina moja limewachanganya wengi. Wapo wazee wetu wenye pumu au maradhi ya viungo ambao daktari huwapa vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni. Hizo nazo huitwa steroidi, lakini si hizi tunazozizungumza. Hizo hutuliza uvimbe, wala hazijengi misuli. Bali zikitumiwa muda mrefu huidhoofisha. Mwenye kuzitumia kwa amri ya daktari asije akazitupa kwa kuogopa makala hii, kwani kuziacha ghafla ni hatari.

Tunazozizungumza sisi ni steroidi za anaboliki, yaani zenye kujenga mwili. Mama yao ni testosteroni, homoni inayotengenezwa na korodani za mwanamume. Hiyo ndiyo inayomtoa mtoto sauti nyembamba ikampa nzito, ikamwotesha ndevu, ikamjaza mabega na ikampa matamanio ya ndoa. Wataalamu wamezitengeneza nyingine kwa mfano wake, kama nandroloni, stanozololi na metandienoni. Baadhi ni vidonge, baadhi ni mafuta ya kudungwa kwenye msuli, na nyingine ni za kupaka ngozini.

Mwanamume anapopita miaka 30 na kitu, testosteroni yake huanza kupungua polepole, kadiri ya asilimia moja kwa mwaka. Hupungua kama maji ya bahari yanavyokupwa, na mwenyewe haoni mpaka siku moja atazame akute ngalawa imelala mchangani. Hapo ndipo mwenye kuuza sindano anapompata.

JOGOO WA GÖTTINGEN

Kwamba nguvu za dume zimo korodanini, watu walijua zamani kabla ya hospitali. Wafugaji walihasi ng'ombe wakapata maksai mtulivu wa kuvuta mzigo. Wafalme wa mashariki na magharibi waliweka matowashi majumbani mwao. Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 869, alieleza katika kitabu chake cha wanyama jinsi kuhasiwa kunavyobadili mwili na tabia.

Ila sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani. Profesa mmoja, Arnold Berthold, alichukua majogoo 6 wachanga. Waliohasiwa tu, bila ya kurudishiwa chochote, undu wao, kile kilemba chekundu cha kichwani, ulisinyaa. Wakaacha kuwika na wakaacha kugombana. Wengine aliwahasi kisha akawapandikiza korodani tumboni, mahali ambapo si pake na ambapo mishipa yake ya asili imekatwa. Majogoo hao wakakua kama kawaida, wakiwika na kuwania makoo. Berthold akafahamu kwamba korodani hutia kitu fulani ndani ya damu, na damu ndiyo inayokipeleka mwilini kote. Alikuwa ameigusa homoni kabla neno lenyewe halijabuniwa.

MZEE WA BAHARI YETU

Aliyeifanya habari hii ivume dunia nzima alizaliwa katika bahari yetu hii ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, kisiwani Mauritius, mwaka 1817. Baba yake alikuwa nahodha Mmarekani ambaye alipotea baharini kabla mwanawe hajazaliwa. Mama yake alimlea kwa kushona nguo. Kijana akaenda Paris kusomea uganga, akawa mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya uti wa mgongo. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoivamia Mauritius, yeye alikuwako huko akiwatibu wagonjwa. Mtu huyu hakuwa laghai.

Basi tarehe 1 Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wataalamu wenzake huko Paris akawaambia kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara. Alisema nguvu zake zimemrudia: anapanda ngazi mbio, anaweza kufanya kazi maabara kwa saa nyingi bila kukaa, na hata choo kidogo kinatoka kwa nguvu kuliko awali. Habari zikaenea. Haukupita muda mrefu wauza dawa wa Ulaya na Marekani wakawa wanauza maji ya namna hiyo, na wazee wakipanga foleni.

Wataalamu wa baadaye waliirudia kazi yake wakapima. Wakaona kwamba testosteroni haiyeyuki vizuri katika maji, na ile aliyojidunga ilikuwa kidogo mno isiweze kumfanya lolote. Kilichomnyanyua mzee wa watu ni itikadi yake tu. Alitaka kupona, akajiona amepona. Mwaka 1894 akafariki. Nimelikumbuka jambo hili kila ninapomsikia mtu akiniambia kwamba sindano yake ya kwanza imemtia nguvu siku ile ile.

NYANI NA MSHAIRI

Baada ya maji ya mbwa ikaja zamu ya nyani. Serge Voronoff, daktari mzaliwa wa Urusi aliyesomea Ufaransa, alifanya kazi miaka mingi Misri, akitibu katika jumba la Khedive. Huko Cairo aliwaona matowashi, akadai kwamba wanazeeka upesi kuliko wenzao. Aliporudi Ufaransa akaanza, mwaka 1920, kukata vipande vyembamba vya korodani za sokwe na nyani na kuvipandikiza kwa wanaume wazee. Matajiri wakamwendea kwa mamia. Sokwe wakawindwa Afrika ya Magharibi na kusafirishwa kwa meli, na Voronoff akafuga nyani wake mwenyewe karibu na mpaka wa Ufaransa na Italia. Leo tunajua kwamba mwili wa mtu huua nyama ya mnyama iliyotiwa ndani yake. Vipande vile vilioza au vikageuka kovu, na wazee wakaendelea na uzee wao.

Wakati huo huo, mjini Vienna, Eugen Steinach alikuwa akifundisha kwamba ukifunga mrija upitishao mbegu za kiume, korodani zitaacha kazi ya mbegu zifanye kazi ya homoni. Mmoja wa waliofanyiwa upasuaji huo alikuwa mshairi, na kwa hiyo nimemchunguza zaidi kuliko wenziwe. Ni W. B. Yeats wa Ireland, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1923. Mwaka 1934, akiwa na miaka 68, amechoka na kalamu yake imekauka, alikwenda London akapasuliwa. Magazeti ya Dublin yakamfanyia mzaha. Lakini Yeats aliamka akaandika, na kwa miaka iliyobaki mpaka kufa kwake Januari 1939 alitunga mashairi ambayo wasomi wengi huyahesabu miongoni mwa bora aliyoyatunga.

Je, upasuaji ndio uliomfungua ulimi? Madaktari wanasema kufunga mrija ule hakuongezi homoni. Ni upasuaji ule ule unaofanywa leo kwa mwanamume asiyetaka watoto tena. Mimi kwa kuwa nami ni mtu wa vina na mizani, nina hakika mashairi yale yalikuwamo ndani yake tangu hapo. Alichokosa ni kujiamini.

DAWA YENYEWE YAPATIKANA

Mchezo ukaisha miaka ya 1930, ikaanza elimu. Mwaka 1931 Mjerumani Adolf Butenandt alichukua lita 15,000 za mkojo wa polisi, akauchuja na kuuchemsha mpaka akapata miligramu 15 tu za homoni ya kiume. Mwaka 1935 watu wa Ernst Laqueur mjini Amsterdam wakaipata testosteroni yenyewe kutoka korodani za mafahali. Mwaka huo huo Butenandt, na Leopold Ruzicka wa Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, wakaitengeneza maabara kutokana na kolesteroli. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1939.

Ilikuwa dawa ya kweli na ya kheri. Wapo wavulana ambao korodani zao hazifanyi kazi tangu kuzaliwa, na wapo wanaume waliozipoteza kwa ajali au maradhi. Kwa watu hao testosteroni ni kama insulini kwa mwenye kisukari, wala hakuna wa kuwalaumu.

Kisha michezo ikaiteka. Mwaka 1954, katika mashindano ya kunyanyua vyuma mjini Vienna, daktari wa Marekani, John Ziegler, alipata habari kwamba Warusi wanatumia testosteroni. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ikatoa kidonge cha Dianabol, na Ziegler akawagawia wanyanyua vyuma wake. Haikuchukua muda akawaona wanameza kupita kiasi alichowaambia, na baadaye alijuta hadharani kwa mlango alioufungua. Ujerumani ya Mashariki ikafanya jambo hilo kuwa siri ya serikali, ikawapa hata wasichana wadogo. Kamati ya Olimpiki iliyapiga marufuku madawa haya, ikaanza kuyapima katika michezo ya Montreal mwaka 1976. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 1988 huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, na siku chache baadaye akavuliwa medali kwa kupatikana na stanozololi. Hapa Kenya sheria ya kupambana na madawa michezoni ilipitishwa mwaka 2016.

SINDANO YAFIKA KWA BABU

Lakini sheria ya michezo inamhusu mwanariadha. Babu wa miaka 60 hashindani na mtu, wala hakuna anayempima. Kwa hiyo soko likamgeukia yeye.

Huko Marekani ilianza kwa matangazo. Mwaka 2000 ilikubaliwa dawa ya testosteroni ya kupaka ngozini, na watu wakaanza kuulizwa katika televisheni: umechoka? unasinzia baada ya chakula? hamu imepungua? Nani wa miaka 55 asiyejibu naam kwa maswali hayo? Kati ya mwaka 2001 na 2011 idadi ya wanaume wa miaka 40 na zaidi wanaotumia dawa hizo nchini humo iliongezeka zaidi ya mara tatu, na wengi wao walikuwa wazee tu. Mwaka 2015 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ikalazimika kutangaza kwamba testosteroni imeruhusiwa kwa wenye maradhi maalumu tu, na kwamba kuzeeka si mojawapo.

Kwetu haikuja kwa televisheni. Imekuja kupitia vyumba vya kunyanyulia vyuma, ambavyo sasa haviko kwa vijana peke yao. Mzee huenda kwa shauri la daktari apunguze tumbo, akakuta vijana wenye mikono kama mapaja, akauliza siri, akaonyeshwa kichupa. Hana habari kimetoka wapi wala kimetiwa nini. Vichupa vya magendo mara nyingi havina kile kilichoandikwa juu yake. Huwa na dawa nyingine, au na mafuta matupu, au na uchafu unaoleta jipu. Na kipimo chake ni cha kijana wa kushindana, ambacho huweza kuwa mara nyingi zaidi ya kile ambacho daktari angempa mgonjwa.

MFICHA UCHI HAZAI

Nina rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi na ambaye amenipa ruhusa ya kuyasema haya. Tulikaa mkeka mmoja chuoni tukihifadhi Juzuu Amma. Ni mtu wa miaka 58. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia watoto wanne wakubwa, akakaa ugane miaka mitatu, kisha akaoa mwanamke wa miaka 32 ambaye hakuwahi kuzaa. Mwanamke huyo alitaka mtoto, na rafiki yangu alitaka kumpa. Pia alitaka, kwa maneno yake mwenyewe, asionekane baba wa mkewe wakipita njiani.

Akaanza kupiga vyuma, na baada ya miezi miwili akaanza kudungwa sindano. Mwanzo alifurahi sana. Kifua kilijaa, kanzu ikambana mabegani, akawa na hamu ya kijana. Hata mimi nilimwambia, "Bwana we, mbona umerudi nyuma?" Akacheka asinijibu.

Mwaka ukapita, na nusu ya mwaka wa pili, mimba haikuingia. Maneno yakaanza. Mwanamke akapelekwa kupimwa, akanyweshwa mizizi, akakandwa tumbo na wakunga watatu. Rafiki yangu alisema mbele ya shemeji zake, "Mimi nina watoto wanne. Kosa si langu." Ikafika hadi mwanamke akarudi kwao, akakaa miezi miwili.

Siku moja daktari mwanamke aliyekuwa akimtibu mkewe akasema hatamtibu tena mpaka amwone na mume. Rafiki yangu akaenda kwa kujitapa. Manii yake yakapimwa: hayakuwa na mbegu hata moja. Damu yake ikapimwa: ilikuwa nzito kupita kiasi, na presha iko juu.

"Mzee wangu, unatumia dawa gani?" daktari akamwuliza.

"Situmii kitu. Vitamini tu."

Mkewe akafungua mkoba wake akatoa kichupa kilichofungwa ndani ya kitambaa. "Na hiki, Bwana? Nimekikuta nyuma ya kabati."

Daktari akamweleza, na mimi nawaeleza ninyi, kwa sababu ni jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo inayozisimamia korodani kama msimamizi wa kazi. Inapoona testosteroni imepungua katika damu huziamrisha zitengeneze. Mtu anapojidunga kutoka nje, tezi huona damu imejaa testosteroni, ikanyamaza. Korodani zikikosa amri huacha kazi zote mbili, ya homoni na ya mbegu, zikasinyaa. Mtu anakuwa na mwili wa fahali na hamu ya fahali, na uzazi wake umesimama. Dawa aliyoitumia ili azae ndiyo iliyomzuia kuzaa.

Wahenga wetu waliposema mficha uchi hazai walimkusudia mwanamke mwenye utungu anayemwonea haya mkunga. Kwa rafiki yangu methali hiyo imetimia neno kwa neno.

Aliacha kwa usimamizi wa daktari. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Nguvu za nje zimekatika na zake mwenyewe hazijarudi. Alikuwa mtu wa kulala mchana, wa kulia bila sababu. Hali hiyo huwapata wengi wanaoacha, na wengine hurudia sindano kwa kuikimbia. Mbegu huchukua miezi mingi kurejea, pengine mwaka au zaidi, na si kila mtu hurejewa kikamilifu. Zake zimeanza kuonekana. Mtoto bado. Lakini alikwenda kwa mkwewe, akakaa chini, akamwambia mama yule mbele ya watu wale wale kwamba kosa lilikuwa lake na binti yake hana ila. Nimemsifu kwa hilo kuliko kwa lolote alilowahi kulifanya.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Madhara mengine nayataja kwa ufupi. Damu huongezeka chembe nyekundu ikawa nzito, na damu nzito huganda mishipani. Kolesteroli njema hushuka. Nyama ya moyo hunenepa kwa namna isiyofaa. Vidonge vingi vya namna hii huharibu ini. Matiti ya mwanamume huweza kuvimba, kwani mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike. Mwenye saratani ya tezi dume, ambayo wazee wengi huwa nayo bila kujua, anaweza kuiamsha. Na hasira huja upesi.

Kwa insafu niseme pia kwamba dawa hii si sumu mikononi mwa daktari. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi, wote wenye testosteroni ya chini. Waliopewa dawa kwa mwaka mmoja waliongezeka hamu na nguvu za unyumba kidogo, na moyo wao ulichangamka kidogo. Uchovu wao haukuondoka. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi mkubwa zaidi, wa wanaume zaidi ya 5,000 wa kati ya miaka 45 na 80 ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au hatari yake. Kwa kipimo cha daktari, na damu ikiangaliwa mara kwa mara, mishtuko ya moyo na viharusi havikuzidi. Lakini mapigo ya moyo yaliyovurugika, damu kuganda mapafuni na figo kudhurika vilionekana zaidi kwa waliopewa dawa.

Maana yake ni hii. Mtu mwenye upungufu wa kweli, uliothibitishwa kwa kupimwa damu asubuhi, tena si mara moja, anaweza kusaidiwa kidogo, naye ataangaliwa. Yule anayejidunga chumbani kwa kipimo cha vijana hayumo kabisa katika hesabu ya wataalamu hao, na hakuna wa kumwangalia.

Jambo jingine nililolisikia kwa madaktari, na ambalo nataka kila mume wa makamo alishike: nguvu za kiume zikipungua, mara nyingi si homoni. Huwa ni sukari, au presha, au mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, na mishipa midogo huonyesha dalili mapema kuliko ile mikubwa. Anayekimbilia sindano au unga wa kwenye chupa huwa amezima taa ya hatari huku moto unawaka. Aende apimwe kwanza. Na mwenye tumbo kubwa, akilipunguza, testosteroni yake hupanda yenyewe bila ya kichupa.

UZEE NA DAWA

Sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Na Sura ya Ar-Rum inatukumbusha kwamba mwanadamu huumbwa kutokana na udhaifu, akapewa nguvu, kisha akarudishwa kwenye udhaifu na mvi. Sikuyataja haya ili kumkatisha mtu tamaa. Amri ya kujitibu imo humo humo, na mtu mwenye nguvu amesifiwa. Nimeyataja kwa sababu yanatuwekea mpaka baina ya ugonjwa, ambao tuutafutie dawa, na umri, ambao tuuishi.

Na kuuishi umri si kukaa kitako barazani. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, wakiongozwa na Maria Fiatarone, walitangaza walichokifanya kwa wakongwe 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96. Waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, nguvu za mapaja yao zilizidi maradufu, na wako walioiweka chini mikongojo wakatembea. Hawakudungwa kitu.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kwenda Boston kulijua hilo. Nenda bandari ya kale umtazame mzee anayepakua magunia jahazini, au nenda ufuoni alfajiri uwaone wanaovuta juya wakiwa na ndevu nyeupe. Mwili unaotumiwa hauachi nguvu zake upesi. Anayeanza leo na aanze kidogo: kusimama na kuketi kitini bila kushika kitu, kubeba ndoo ya maji, kupanda ngazi, kutembea kwa haraka baina ya sala na sala. Ale samaki, kunde na mayai, apunguze sukari kwenye chai, alale mapema. Mwenye presha au maradhi ya moyo amwulize daktari kabla. Na anayetumia sindano hizi hivi sasa asione haya kumwambia daktari, maana daktari hawezi kumtibu mtu anayemficha.

Nami kwa mazoea yangu nafunga kwa beti moja:

Ujana ni kuazima, mwenyewe huurudisha,
Ukenda hauna kima, wala cha kuurejesha,
Mzee hupata uzima, mwili akiuzoesha,
Sindano ina nakama, na nyumba huiangusha.